Mchele wa Noeli ni wa dini gani?

KANDO YA LUALABA
Na Amisi Lubemba

Ijumaa iliyopita jioni tulikuwa kivukoni Alunguli, hapa Kindu, tumeketi mtumbwini tukingoja ujae tuvuke kurudi upande wa Kasuku. Mbele yangu alikaa mama mmoja na mizigo yake ya sikukuu: kuku watatu waliofungwa miguu, kikapu cha mchele, na boksi refu lenye picha ya mti wa plastiki uliozungushiwa taa. Kijana mmoja, Biblia kwapani, alilitazama boksi lile mpaka akashindwa kunyamaza.

"Mama, huo mti ni wa kipagani. Na hiyo tarehe ishirini na tano Desemba haimo katika Biblia."

Mama hakugeuza hata shingo. "Na huu mchele, mwanangu, ni wa dini gani?"

Mtumbwi mzima ulicheka, na kijana naye akacheka mwishoni. Ila mimi nililala na swali lile, nikaamka nalo.

Tumpe kijana haki yake kwanza. Luka anasimulia habari za wachungaji waliokesha na kondoo zao, lakini tarehe hataji. Ushahidi wa kale tulio nao wa Noeli ya Desemba 25 umo katika kalenda moja ya Roma ya mwaka 354, ambayo habari zake zinaturudisha hadi mwaka 336. Kalenda hiyo hiyo inaiweka siku hiyo kuwa sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, ambalo Kaisari Aurelianus alilijengea hekalu mwaka 274. Wako wataalamu wanaosema Kanisa liliikalia sikukuu ya jua. Wako wanaosema hapana, watu walihesabu tu miezi tisa tangu Machi 25, siku waliyoamini kuwa Maria alipata mimba. Wakati wao wanabishana, Waarmenia wanaadhimisha Januari 6 na Waethiopia Januari 7, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo.

Na mambo mengine ya Noeli yana wenyewe vilevile. Mti tunaupata kwa Wajerumani. Kufikia mwaka 1605 watu wa Strasbourg walikuwa wakiuingiza nyumbani na kuupamba. Pango la Noeli, lile tunalolijenga kanisani na kulifunika kwa makuti ya michikichi, tunamshukuru Fransisko wa Asizi, aliyelitengeneza kijijini Greccio mwaka 1223, akaleta ng'ombe na punda wa kweli. Huyu Papa Noeli mwenye ndevu naye alianza kama Nikola, askofu wa Myra katika nchi tuitayo leo Uturuki. Wabelgiji walikuja naye Kongo akiwa bado na kofia yake ya kiaskofu na siku yake mwenyewe, Desemba 6.

Sasa tuje kwenye mchele. Hapa Maniema, watu walioueneza mchele ni wafanyabiashara wa Pwani, wale wenzake Tippu Tip waliojenga miji yao Nyangwe na Kasongo kabla Mzungu hajapandisha bendera hapa. Tusiwapake sukari: walikuja na minyororo ya watumwa, na soko la Nyangwe liliona damu mwaka 1871 mbele ya macho ya Livingstone. Lakini walipoangushwa na majeshi ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, mwaka 1893, walituachia mashamba ya mpunga, walituachia Uislamu, na walituachia lugha hii ninayoiandika. Mapadri walipofika wakitafuta maneno ya kuhubiria, waliyakuta tayari yametandikwa: sala, sadaka, dhambi, imani, malaika. Yote hayo asili yake ni Kiarabu. Kwa hiyo Mkristo wa Kindu anaposimama usiku wa mkesha kuimba habari za malaika, anaimba kwa neno lililoletwa na msafara wa Waislamu, kisha anarudi nyumbani kula wali ulioletwa na msafara huo huo.

Hata jina la sikukuu lina undugu. Sisi tunasema Noeli, kwa Kifaransa, na Kifaransa kililitoa katika neno la Kilatini la kuzaliwa. Majirani zetu wana Maulidi, neno la Kiarabu la kuzaliwa. Nyumba mbili, ukuta mmoja katikati, kila moja inasherehekea kuzaliwa kwa mtukufu wake. Na anayeona ajabu afungue Kurani sura ya Maryamu, amkute mama wa Isa akiwa na uchungu wa kuzaa chini ya shina la mtende. Nadhani kijana wa mtumbwini angependa mti huo kuliko ule wa plastiki.

Jina langu mwenyewe ni Amisi na ninakwenda misa. Ni jina la babu yangu, aliyeswali mara tano kwa siku hadi kufa kwake. Kindu hakuna anayeniuliza kwa nini.

Wenye nguvu nao wamejaribu kuiweka Noeli mfukoni. Bunge la Uingereza liliifuta mwaka 1647, kwa hoja zilezile za kijana wetu. Kwetu alikuwa Mobutu. Mwaka 1972 alipiga marufuku majina ya ubatizo, naye mwenyewe akayaacha ya Joseph na Désiré. Mwaka 1974 akaiondoa Noeli katika siku za mapumziko, Desemba 25 ikawa siku ya kazi. Shangazi yangu alizaliwa mkesha wa Noeli, akabatizwa Noella. Kwenye karatasi za serikali jina lile lilitoweka. Nyumbani liliendelea kuitwa kila asubuhi, chai ikiwa tayari. Siku ile ya Desemba watu walikwenda kazini, wakarudi, wakavua viatu, wakala wali na kuku. Zaire ya Mobutu ilikufa mwaka 1997. Shangazi ameizika, na bado anaitwa Noella.

Ndugu zetu Wakimbangu walichukua njia nyingine. Simon Kimbangu alikamatwa na Wabelgiji mwaka 1921, akafungwa miaka thelathini, akafia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kanisa lake lilihamisha Noeli mwaka 1999, likaiweka Mei 25, siku aliyozaliwa mwanawe Dialungana. Mtu wa dini nyingine anaweza kutikisa kichwa. Ila kama Roma iliweza kuchagua tarehe, sioni ni sheria gani inayomkataza Mkongo kuchagua yake.

Ndiyo maana mabishano ya Noeli safi na Noeli iliyochafuka hayanipati. Hakujawahi kuwa na Noeli isiyoshikwa na mikono ya watu. Kila aliyeipokea aliiongezea chake, na sisi tuliiongezea ngoma na mchezo, mpaka Roma yenyewe ikaidhinisha mwaka 1988 Misale ya majimbo ya Zaire. Swali lenye maana ni tunachoiongezea sasa.

Mti wa plastiki haunisumbui. Mwakani watoto watakuwa wameuvunja. Anayenisumbua ni baba anayeanza kukwepa nyumba yake kuanzia Desemba 20 kwa sababu mshahara haujatoka na watoto wanne wanataka nguo mpya za Noeli, kisha nyingine za Bonane, yaani Mwaka Mpya. Ananisumbua mama anayemaliza likelemba, akiba ya kuchangiana, ya mwaka mzima kwa kikwembe kimoja ili asichekwe kanisani, halafu Januari anatafuta pesa za shule kwa mkopo. Hili halikuletwa na Roma wala na msafara. Tumelitengeneza wenyewe katika miaka ya karibuni, na kitu tulichokitengeneza wenyewe tunaweza kukiacha bila kumwomba ruhusa mtu.

Nilipokuwa mtoto Mikelenge, asubuhi ya Noeli mama alinipa kuku wawili na kunituma kwa mzee jirani yetu, Mwislamu. Nilidhani ni kwa sababu baba hakuwa na kisu kikali. Mzee alinawa, akamgeuza kuku, akasema bismillahi, akachinja, akanirudishia akiniambia nimsalimie mama. Mchana nilirudi kwake na sahani iliyofunikwa kitambaa: wali, mapaja mawili, sombe pembeni. Miaka ikapita kabla sijaelewa kwamba mama alianza kupika sahani ya jirani tangu pale kuku alipokuwa hai. Alitaka chakula chake kiweze kuliwa upande wa pili wa ua bila mtu kuuliza swali.

Mapambo hayakuwepo mwaka ule. Nguo yangu ilikuwa ya kaka yangu, imekatwa mikono. Lakini ukiniuliza Noeli ni nini, sitakutajia kalenda ya mwaka 354. Nitakutajia kitambaa kile na mvuke uliotoka chini yake, nami nikitembea polepole nisimwage.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwaka huu akate nini na abakize nini, jibu langu ni fupi. Nguo mpya zikikosekana, zifuliwe za zamani. Mti ukikosekana, makuti yapo. Sahani ya jirani isikosekane, na kuku wachinjwe mahali ambapo kila mtu mtaani ataweza kula.

Jikoni kwangu, juu ya kabati, iko sahani ya bati ya buluu iliyobanduka rangi ukingoni. Si yetu. Ilikuja siku ya Idi ikiwa na nyama ya mbuzi, na kila wiki jirani ananikumbusha kwa kicheko kwamba sahani yake nimeihukumu kifungo cha maisha. Namjibu kwamba sahani hairudi tupu, asubiri. Siku ya Noeli, Mungu akijalia, itavuka ua.