Mkoba peke yake hautoshi: Barua ya wazi kwa Gavana wa Laikipia

Mheshimiwa Gavana,

Mtaani Likii, hapa Nanyuki, anayegundua kwanza kwamba presha ya nyanya imepanda mara nyingi si daktari. Ni mama wa mtaa uo huo, mwenye mkoba mgongoni. Huketi naye, akamfunga mkanda wa mashine mkononi, akangoja namba zitulie, kisha akaziingiza kwenye simu. Zikiwa juu hujaza fomu ya rufaa, MOH 100, na kumwelekeza kituoni.

Mama huyo ni mmoja wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 ambao Rais William Ruto aliwazindua rasmi pale Uhuru Park, Nairobi, tarehe 25 Septemba 2023. Hutarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100 kwa marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Ni kidogo mno, na bado katika kaunti kadhaa wenzake wamelazimika kuandamana ndipo walipwe.

Lakini shida kubwa huanzia kwenye ile fomu. Rufaa bila muuguzi wa kuipokea ni karatasi tu. Zahanati inayotegemea muuguzi mmoja hufunga mlango akiugua, akienda likizo au akiitwa mafunzoni. Mgonjwa wa Likii atapanda boda hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Nanyuki. Wa Mukogodo, aliye mbali, afanyeje? Na hospitali hiyo haihudumii Laikipia pekee. Wagonjwa hutoka pia Timau upande wa Meru na Naro Moru upande wa Nyeri.

Si kwamba Kenya imekosa watu. Mwaka 2021 serikali ilipotia saini mkataba wa kupeleka wauguzi Uingereza, waliolengwa ni wale waliohitimu wakakosa ajira. Inauma kuona nchi ikisomesha muuguzi, ikamwacha nyumbani, huku zahanati ikimngoja.

Kuna pia afisa wa afya ya umma, ambaye husahaulika hadi kipindupindu kibishe hodi. Ndiye anayekagua vyoo na jikoni za hoteli, anayechukua sampuli za maji, anayefuata nyumba kwa nyumba waliokula pamoja na mgonjwa. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea kaunti nyingi nchini. Kazi ya afisa huyo haiwezi kubebeshwa mama wa mkoba. Hana mafunzo yake wala mamlaka ya kisheria ya kufunga kibanda.

Tangu 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti, Mheshimiwa. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Naomba yaonyeshe, wadi kwa wadi, wauguzi na maafisa wa afya ya umma watakaoajiriwa kwa mkataba wa kudumu, zahanati ambazo hazitaachiwa tena muuguzi mmoja, na tarehe ya kila mwezi ambayo wahamasishaji watalipwa zile shilingi 2,500 za kaunti.