DHIKI YA KAZI HUZEESHA KABLA YA WAKATI



Siku hizi mtu wa miaka 40 miongoni mwetu huitwa Mzee, na si kwa heshima tu. Mvi zimejaa, mgongo umepinda, usingizi haupo. Wengine husema ni majaliwa. Sisi wa viwanda vya Mbarara na mashamba ya migomba ya Isingiro tunasema kazi nayo ina sehemu yake.

Mtu akitishika, mwili hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda. Hiyo ni silaha ya muda mfupi, ya kumkimbia nyoka. Lakini hofu ikiwa ya kodi, karo na kufukuzwa kazi, silaha haiwekwi chini, nayo humkata mwenyewe. Mishipa huchakaa na kinga ya mwili hupungua. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye saa 35 hadi 40. Basi dhiki si udhaifu wa mtu.

Wenzetu wa Nakivale wana mzigo juu ya mzigo: vita walivyovikimbia, kisha posho ya chakula iliyopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Aprili 2020. Mwenye njaa hukubali ujira wowote, na ujira huo ukizoeleka shambani, wa mwenyeji nao hushuka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Tusimwone adui, tumkaribishe chamani.

Tufanye nini? Tulale mapema. Waragi hupumbaza mawazo, hauyaondoi. Mwenye jambo moyoni amwambie mwenzake, asijifungie. Twende kituo cha afya tupimwe presha kabla hatujaanguka.

Lakini usingizi mzuri haupatikani kwa mtu anayepigishwa zamu mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatupa siku moja ya mapumziko kila wiki na, kwa aliyetimiza miezi sita kazini, likizo ya malipo ya siku saba kwa kila miezi minne. Wangapi kati yetu wanaipata? Akiidai mmoja, huitwa mkorofi. Tukiidai sote, ni haki.

Akiba yetu ya NSSF kwa kawaida hulipwa kamili mtu akitimiza miaka 55. Tusikubali siku hiyo ifike na kukuta fedha ipo, mwenyewe amekwisha.

Umoja ni nguvu!