Mbwa Abadilishiwapo Chakula

Ndugu msomaji, mbwa wa nyumbani kwetu amelelewa kwa ugali wa sembe na dagaa. Siku ya arusi ya jirani, watoto walimletea sufuria nzima ya makombo ya pilau, mafuta na mifupa, naye akala yote. Usiku ule hatukulala: alitapika, akahara uani hadi alfajiri, na asubuhi mlinzi wetu hakuwa na nguvu hata za kubweka.

Baadhi ya majirani walisema amelishwa sumu. Aghalabu sababu si hiyo. Ndani ya utumbo wa mbwa mna vijidudu vingi visaidiavyo kusaga chakula, navyo huzoea kile alacho kila siku. Chakula kigeni kikiingia kwa ghafula, hubaki bila kusagika vema, huvuta maji utumboni, na mnyama huhara. Mafuta mengi yana hatari zaidi, kwani huweza kudhuru kongosho. Mifupa iliyopikwa nayo huvunjika vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kwa hiyo, ukitaka kumwachisha ugali ili ale chakula cha dukani, tumia siku 7 hadi 10. Anza na robo ya chakula kipya na robo tatu ya kile cha zamani. Baada ya siku mbili tatu changanya nusu kwa nusu, kisha robo tatu ya kipya, ndipo umpe kipya kitupu. Akianza kuhara, rudi hatua moja nyuma.

Aliyekwisha kuhara apewe maji safi tele, na wali laini wenye nyama ya kuku iliyochemshwa, bila ngozi, mifupa, viungo wala kitunguu. Ampatie mtu kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Maziwa hayafai, mbwa wengi wakubwa hawawezi kuyasaga. Wala usimpe vidonge vya binadamu. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni huweza kumharibu tumbo na figo.

Hata hivyo, si kila kuhara hutokana na chakula. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akitapika mfululizo, akalegea, na kinyesi chake kikawa na damu, huenda ana ugonjwa wa parvo, ambao huua kwa siku chache. Vuta taratibu ngozi ya mgongoni karibu na shingo. Isiporudi upesi, jua kwamba mwili umepungukiwa maji. Hapo hapana budi kumwona daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo ya ugonjwa huo huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, nayo hurudiwa.

Wetu alipona siku ya tatu. Watoto sasa huuliza kwanza kabla ya kumrushia chochote. Juma lijalo, ndugu msomaji, tutazungumza juu ya minyoo ya mbwa na afya ya watoto wachezao naye.