Jeli ya macho haitibu figo

Siku hizi akina dada wengi hununua jeli ya baridi ya kupaka chini ya macho yaliyovimba kwa uchovu. Nimeijaribu mwenyewe baada ya zamu ya usiku. Inapoza kweli, na uvimbe hupungua kwa muda, kwani ubaridi husinyaza mishipa midogo ya damu. Lakini kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi hufanya kazi hiyo hiyo, tena bure.

Aliyekesha dawa yake ni usingizi, na apunguze chumvi. Mtume (s.a.w.) alipomzuia Abdullah bin Amr kukesha kila usiku kwa ibada, alimkumbusha kuwa hata jicho lina haki yake.

Ninachohofia zaidi ni mama kumpaka mtoto jeli hiyo. Mtoto akiamka macho yamevimba siku kadhaa mfululizo, kisha miguu ikajaa au mkojo ukatoa povu, huenda figo zinavujisha protini. Wengine hudhani ni mzio, wengine husema ni jicho la hasidi, na wiki zinapita. Kumsomea dua ni jambo jema, wala hakuzuii kupima mkojo. Kipimo chenyewe ni kijiti tu, na majibu hutoka kwa dakika chache.

Na mjamzito akivimba uso, akaumwa sana kichwa au kuona maluweluwe, asingoje tarehe yake ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.