Mtoto anakula, mbona harefuki?

BARAZA LA JUMAMOSI
Na Edda Mligo

Mwezi uliopita nilikwenda Wanging'ombe, mkoani Njombe, kumsalimia mke wa mtoto wa kaka yangu. Nilimkuta amekaa kizingitini, kadi ya kliniki imelala mapajani, macho mekundu. Mwanawe ana miezi 11. Uzito unapanda kwa kusuasua, urefu umegoma.

"Shangazi, nimefanya yote waliyoniambia," alisema. "Nanyonyesha. Uji natia karanga, maharage nayaponda, yai anapata. Leo nimeulizwa mbele ya wenzangu kama kweli mtoto nampa chakula."

Wakati anaeleza, mtoto alikuwa anatambaa uani. Kuku mwenye vifaranga akapita mbele yake, akaacha kinyesi. Mtoto akaweka kiganja palepale, kisha akakipeleka mdomoni. Mama alisharuka. Akambeba hadi kwenye kibuyu chirizi, akamnawisha kwa sabuni, akamfuta kwa kanga. Chai haijapoa, mtoto amesharudi chini, ngumi imejaa udongo.

Mama huyu si mzembe. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, kwa sababu kila takwimu za udumavu zinapotoka, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yeye na wenzake.

Takwimu zenyewe zinauma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa tunayoiita ghala la chakula. Tumezoea kueleza kitendawili hiki kwa kusema wazazi wanauza mavuno yote, wanashinda shambani, na watoto wanashindia ugali na viazi. Yapo ya kweli humo. Lakini maelezo hayo yanaishia kwenye sahani, na chakula hakiishii kwenye sahani. Kinakwenda tumboni, na huko kuna habari ambayo hatujaisema vya kutosha.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyofyonza chakula. Mtoto anapomeza vimelea kila siku, vijidole hivyo hufupika na kunyauka, na ukuta wenyewe huanza kuvuja. Vimelea hupenya mahali ambapo havikutakiwa kufika, na mwili hukaa vitani usiku na mchana. Nguvu ya kurefusha mifupa huliwa na vita hiyo. Yote haya yanaweza kutokea bila mtoto kuharisha, kwa hiyo mama haoni dalili ya kumkimbiza zahanati. Kumlisha mtoto wa namna hiyo ni kutia maji kwenye pakacha.

Hapa nchini jambo hili limechunguzwa kwa karibu. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo 8 duniani vya utafiti ulioitwa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa hadi miaka miwili. Vinyesi vyao vilipimwa mara kwa mara, hata walipokuwa wazima. Vimelea vilikutwa kwa wingi kwa watoto wasioharisha kabisa, na wale waliobeba vimelea kama Shigela na Giadia walikuwa wafupi zaidi.

Basi wataalamu wakasema, tusafishe mazingira. Magharibi mwa Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, familia zilijengewa vyoo bora, zikapewa klorini ya kutibu maji na vifaa vya kunawia mikono. Zimbabwe wakafanya vivyo hivyo vijijini. Majibu yalitoka mwaka 2018 na 2019, na yalikuwa mazito: choo na klorini havikuwarefusha watoto, wala kuharisha hakukupungua. Kilichosaidia kiasi ni chakula cha nyongeza. Zimbabwe, udumavu ulishuka kutoka asilimia 35 hadi 27 kwa waliokipata. Ni hatua, ila zaidi ya robo ya watoto walibaki wamedumaa.

Haydom wakajaribu njia nyingine. Watoto zaidi ya 1,000 walihusika katika jaribio la kutoa dawa za kuua vimelea kwa vipindi maalumu. Nazo hazikuwaongezea urefu. Na haishangazi. Ukimtibu mtoto leo, kesho unamrudisha kwenye ua uleule.

Kuna watafiti walioketi kwenye nyua za vijijini Zimbabwe kwa saa nyingi, wakiandika kila kinachoingia mdomoni mwa mtoto anayetambaa. Waliona udongo. Waliona pia kinyesi cha kuku, ambacho gramu moja tu inaweza kubeba mamilioni ya bakteria. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjukuu wangu wa Wanging'ombe. Choo kilichojengwa nyuma ya nyumba hakimzuii kuku kupita mbele ya nyumba.

Nisieleweke vibaya. Choo na sabuni vinatulinda na kipindupindu, na hakuna wa kuviacha. Chanjo ya rota ya kuzuia kuharisha, ambayo watoto wetu wanapata tangu 2013, imeokoa wengi. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza ni ngao. Ninachokikataa ni kumpa mama ndoo, chupa ya klorini na somo la dakika kumi, kisha kumhukumu mama huyo pale mtoto asiporefuka. Tafiti hizo kubwa zilimpa mama vifaa bora kuliko anavyopewa mama wa kawaida kijijini, na bado uchafu ulishinda. Kazi hii imezidi mikono miwili ya mtu mmoja.

Inahitaji maji ya bomba yanayofika uani, yanayotoka kila siku, ili kunawa kusiwe hesabu ya ndoo. Inahitaji kuku walale na washinde bandani. Inahitaji sakafu ngumu inayopigwa deki. Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuweka saruji kwenye nyumba za sakafu ya udongo, na vimelea vya tumboni, kuharisha na upungufu wa damu vikapungua kwa watoto. Sisemi saruji peke yake itamrefusha mtoto. Nasema mtoto anayetambaa anaishi sakafuni, na sisi hatujawahi kuihesabu sakafu kuwa lishe.

Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Hainunui hata trei ya mayai. Wakuu wa mikoa wanasaini mikataba ya lishe, nami nauliza: kwa nini kwenye kikao cha tathmini anaulizwa afisa lishe peke yake? Yuko wapi mhandisi wa maji? Yuko wapi afisa mifugo?

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni mbili, kila moja na mwaka wake. Ndani ya utumbo wa mtoto zote ni kitu kimoja, na ni wakati tuziendeshe pamoja.

Kabla ya kuondoka nilimwita mtoto wa kaka yangu, tukatembea hadi nyuma ya nyumba na kupima mahali pa banda. Mbao zipo, wavu tutachanga. Banda tutajenga sisi. Bomba hatuliwezi, hilo tunaidai halmashauri.