Mweupe Kama Yangeyange



Kwa miaka mingi nilisahihisha insha za vijana wa Mara zilizojaa theluji. Meno ya bibi harusi yalikuwa meupe kama theluji, shuka za hospitali kadhalika, hata mvi za babu. Nami niliweka alama ya vema, kwa kuwa tashbihi ilikuwa sahihi. Nje ya dirisha, nyayoni mwa ng'ombe waliokuwa wakila nyasi, yangeyange walitembea, weupe kuliko chaki yangu. Hakuna aliyewaandika. Nimestaafu ndipo nauona uzembe ule, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Hoja yangu ni hii: msamiati wa mshairi hupandwa utotoni, kabla ya shule, machoni na masikioni. Mtoto anayelelewa mbali na viumbe ataipata lugha ya picha kwa mkopo.

Hapa Nyasho ziwa halipo mbali, lakini watoto wengi hukulia ndani ya geti, mbele ya runinga. Sato, sangara na dagaa wanawajua kwa sababu huwaona sahanini. Furu ni wachache wanaomjua, kwani samaki huyo mwenyewe alipungua mno baada ya sangara kupandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Mnandi, furukombe, kwarara na mdiria, wote kwao ni "ndege" tu. Kiumbe kikitoweka, jina lake hubaki yatima. Jina likitangulia kutoweka, nani atamlilia kiumbe?

Hivi karibuni nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka mitano ufukweni. Mdiria alisimama hewani, mabawa yakipiga mahali pamoja, kichwa kimeinama. "Babu, amekwama?" Kabla sijajibu, ndege akaporomoka majini, akaibuka na dagaa. Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi, nikitafuta kina cha ubeti. Mtoto akamnong'oneza bibi yake: "Usimsemeshe, Babu anafanya mdiria." Nilifundisha sitiari kwa takribani miongo mitatu, darasani sikuwahi kuletewa nzuri kama ile.

Mkoa wetu una mfano mkubwa zaidi. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichunga mifugo kabla ya kuanza shule Mwisenge, hapa Musoma, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Baadaye alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, na Injili akaitia katika utenzi. Sidai kwamba mbuzi ndio waliomfundisha vina na mizani, wala sitaki mtoto yeyote acheleweshwe shule. Nasema tu kwamba malisho hayakumpunguzia lugha.

Wazazi hunijibu kwamba ziwa lina mamba na kichocho. Ni kweli, na hofu yao ni ya haki. Lakini kumtazama ndege hakuhitaji kuingia majini. Kwahitaji mtu mzima aliyeshika mkono wa mtoto, juu ya mwamba, kwa nusu saa. Wengine hudhani wanyamapori maana yake ni Serengeti, na Serengeti ni nauli na kiingilio. Mjusi kafiri anayetambaa ukutani hadai kiingilio. Kwera anayesuka kiota chake mtini naye vivyo hivyo.

Basi nawaomba, washairi wenzangu wenye watoto na wajukuu: wapeni jina moja kila wiki, na kiumbe mwenyewe akiwa mbele yao. Msipolijua kwa Kiswahili, waulizeni wavuvi. Kijita na Kikwaya vina hazina, na lugha yetu haijawahi kuona haya kuazima kwa jirani. Tukifanya hivyo, huenda mwalimu atakayekuja baada yetu akasahihisha insha ya mtoto wa Musoma, akakuta humo bibi harusi mwenye meno meupe kama yangeyange.