Ndege ya Kanisa: Tununue au Tukodi?



Kila tukirudi likizo Kyela tunakuta wazo lile lile limekomaa zaidi: Kanisa linunue ndege ndogo, iwafikie waumini wa mwambao ulio mbele ya Matema. Wanaolisema hawatanii. Ukishapita Matema, milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi ziwani, na vijiji vya Wakisi vinategemea mtumbwi na boti. Anayehitaji hospitali, au Mpako Mtakatifu, hungoja chombo, kisha hungoja ziwa litulie.

Mapadre na ndege si jambo geni. Padre Paul Schulte, Mwoblati Mjerumani, alianzisha MIVA mwaka 1927 baada ya rafiki yake mmisionari kufia Afrika, mbali na tabibu. Hapa kwetu, Padre Pat Patten, Mspiritani, alianzisha Flying Medical Service kule Arusha mwaka 1983. Lakini ndege za Arusha huruka kwa ratiba, kliniki hadi kliniki, katika nchi ya Wamasai yenye nyanda za kutua. Zina kazi ya kutosha.

Hapo ndipo penye hesabu. Ndege hula hata ikiwa imelala: bima, mshahara wa rubani, banda, ukaguzi wa kila mwaka. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba hayo yote ni shilingi milioni 60 kwa mwaka. Ukiruka saa 400, kila saa inabeba 150,000. Ukiruka saa 40, kila saa inabeba milioni moja na nusu, na bado hujaweka mafuta, ambayo si petroli ya kwenye vituo vyetu. Halafu injini. Ya Cessna 206 hutarajiwa kufumuliwa na kutengenezwa upya baada ya saa zipatazo 1,700, na akiba yake huanza kuwekwa tangu saa ya kwanza. Mfadhili wa kununua ndege anaweza kupatikana. Wa kufumua injini, sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwona!

Anayekodisha huyabeba hayo yote ndani ya bei ya saa. Ni bei kali, tena atakutoza na saa za kuja tupu. Ila safari ikiisha, mmemalizana.

Sisi tunasema tusinunue. Ikitokea dharura kubwa, tukodi. Na hata ya kukodi itatua wapi? Uwanja wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012, lakini kutoka pale hadi Kyela lami ipo. Huko mbele ya Matema, ambako shida iko, mlima umeyaacha maji na ukanda mwembamba wa mchanga. Padre atashuka kwenye ndege, kisha ataulizia boti.

Basi tuzungumzie boti: yenye injini ya kuaminika, makoti ya kuokolea ya kutosha na nahodha anayelipwa. Nayo ina gharama zake za kulala, kwa hiyo isinunuliwe kwa shangwe. Fedha hizi zitatoka kwenye magunia ya mpunga na kakao ya wazazi wetu. Kabla bahasha hazijapita kwenye jumuiya, makatekista wa vigango vya ziwani wapewe daftari. Kwa mwaka mmoja waandike kila safari iliyohitajika, nani alikuwa mgonjwa, alingoja siku ngapi, na nauli ilikuwa kiasi gani.